Kuambatisha si kutaja faili iliko

Wiki iliyopita hapa Malaba nilisikia tena: "Mzee, programu imeambatisha orodha, ni wale wa Mombasa tu hawajui kuifungua." Aliyesema ni kijana anayetuangalizia programu katika ofisi yetu ndogo ya uwakala wa forodha, ile inayotuma kila jioni orodha ya makontena yaliyovuka mpaka. Nikaomba anionyeshe barua pepe yenyewe. Ilikuwa na salamu, na chini yake mstari mmoja: C:\Ripoti\leo.pdf. Basi. Mtu wa Mombasa ametajiwa droo iliyoko Malaba, tena ndani ya kompyuta ambayo sisi huizima usiku.

Kiambatisho ni faili iliyotiwa ndani ya barua pepe, ikasafiri nayo, ikafika nayo. Maana ni hiyo tu.

Neno lenyewe linajieleza ukilisikiliza. Limetokana na ambata, yaani kunata, kushikamana na kitu. Ile -ta ya mwisho utaikuta kwenye kamata, fumbata na pakata, na kote humo kuna kushika: mkono au mwili umegusa kitu. Hata Mganda anaposema okukwata, kushika, sauti hiyo imo. Sasa liweke kando ya ambaa. Chombo kikiambaa pwani kinapita karibu nayo bila kuigusa. Barua yetu iliiambaa faili, haikuiambata. (Wapo wanaosema kiambatanisho, nami sina ugomvi nao. Gundi ni ile ile.)

Tena kwenye barua pepe kunata huku ni kwa kweli kuliko karatasi mbili zilizobanwa kwa pini. Wengi hudhani faili hufuata barua kama trela nyuma ya lori. Hakuna trela. SMTP, utaratibu wa kupeleka barua ulioandikwa mwaka 1982, ulijua herufi za ASCII tu, yaani herufi, tarakimu na alama za kawaida za Kiingereza, kwa hiyo picha haikuwa na mlango wa kupitia ila kwa hila. Mwaka 1992 ikaja MIME, kazi ya Nathaniel Borenstein na Ned Freed: faili inageuzwa kuwa herufi na kuandikwa katika barua ile ile, chini ya maneno yako, katikati pakiwekwa mstari wa mpaka. Machi mwaka huo Borenstein alituma picha na sauti ya kundi lake la waimbaji wanne. Wimbo mzima ulisafiri kama maandishi.

Ukitaka kuona kwa macho, fungua barua ghafi yoyote yenye PDF, yaani maandishi yake kamili kama yalivyosafiri. Utakuta fungu refu la herufi zisizosomeka, linaloanza na JVBERi0. Hizo ni %PDF-, alama zinazoanza faili ya PDF, zilizovishwa base64, ndiyo ile njia ya kugeuza faili kuwa herufi. Kila baiti 3 huwa herufi 4, ndiyo maana faili ya MB 20 huvimba kufikia kama MB 27, na seva yenye kikomo cha MB 25 huirudisha huku mtumaji akiapa kwamba faili yake ni ndogo.

Kijana hakukubali haraka. Akaniletea logi, yaani kumbukumbu za programu: 250, barua imepokelewa. Ni kweli ilipokelewa. Ile 250 ni seva kusema barua nimeichukua. Haichungulii kama ndani mna faili. Na programu yake haikuwahi hata kuifungua ile faili, ilibeba jina lake kama ilivyobeba salamu. Ilitakiwa iifungue, isome baiti zake, kisha izikabidhi kwa maktaba ya barua, yaani msimbo uliokwisha kutengenezwa wa kuunda barua, pamoja na jina la faili na aina yake, application/pdf. Kwenye lugha ya programu ya Python kazi hiyo ni ya add_attachment, ambayo base64 na mipaka huimaliza yenyewe. Mistari mitatu, minne hivi. Aliandika tukiwa bado tumekaa.

Kutuma linki si kosa, na faili ikiwa nzito ndiyo njia iliyo bora. Ila hapo tuandike "nimekutumia linki", ili mwenzetu wa Mombasa ajue atahitaji intaneti na ruhusa ya kuifungua, asikae akitafuta alama ya pini kwenye barua isiyo nayo.