Yai ndilo linalochagua

Urutubishaji wa nje ni pale yai na mbegu ya kiume zinapokutana nje ya mwili. Jike humwaga mayai majini, dume naye humwaga mbegu zake, yaliyobaki ni kazi ya maji. Hawapandani wala hawagusani. Matumbawe mengi huzaana hivyo, jongoo bahari pia, na wale wanyama wa miiba wanaotuchoma miguu miambani.

Sasa hapo kuchagua mwenzi kunatoka wapi? Tausi jike hutazama manyoya ya dume. Mnyama wa miiba hamwoni hata huyo dume. Lakini uchaguzi upo, ila anayechagua ni yai.

Mchukue Echinometra mathaei, yule mnyama wa miiba mdogo anayejichimbia vishimo kwenye miamba ya pwani yetu. Kwenye ncha ya mbegu yake kuna protini iitwayo bindini, ndiyo inayoishika mbegu kwenye utando wa yai. Mwaka 1999 mwanabiolojia Stephen Palumbi alionyesha kwamba mbegu za madume tofauti zikichanganywa, mayai hupokea zaidi zile zenye bindini inayofanana na aina aliyoirithi jike aliyetoa mayai hayo. Kwa hiyo hakuna dume bora kwa wote: anayekataliwa na mayai ya huyu, hupokewa na ya yule.

Halafu kuna suala la wingi, na kwangu hapa ndipo penye utamu. Mbegu zikimwagwa hutawanyika upesi. Wanyama wakiwa wachache na wako mbalimbali, mayai mengi hukosa mbegu kabisa. Ndiyo maana jongoo bahari wakivunwa kupita kiasi, waliobaki wanaweza kumwaga na wasipate kitu. Wakisongamana, balaa ni la upande wa pili: yai likiingiwa na mbegu mbili, kiinitete huharibika. Yai hujikinga. Ndani ya sekunde chache umeme wa utando wake hubadilika, na kwa muda wa kama dakika moja utando wenyewe hunyanyuka. Kwenye darubini unauona kama pete inayolizunguka yai.

Mwanabiolojia Don Levitan na mwenzake walilipima jambo hili mwaka 2006 kwa mnyama wa miiba mwekundu wa pwani ya Pasifiki, Amerika Kaskazini. Mbegu zilipokuwa chache, waliozaa vizuri ni jike na dume ambao bindini zao zinaoana. Zilipojaa, waliofaulu ni wasiooana sana, kwa sababu mbegu zao hazikimbilii yai zote kwa pamoja. Na wingi wenyewe hubadilika: pwani hiyo fisi maji, ambao huwala wanyama hawa, waliwindwa kwa ajili ya ngozi hadi karibu wakaisha, na wanyama wa miiba wakajaa. Huku kwetu wanaowala ni samaki waitwao kikande, nao tunawavua.