Kwa nini chumvi ya kutilia rangi nguo huutesa mto kuliko rangi yenyewe?

Katika nyumba nyingi za pwani, kanga mpya haivaliwi kabla ya kuloweshwa kwenye beseni la maji yaliyotiwa chumvi. Bibi humfundisha mjukuu kwamba chumvi hushika rangi, ili isichuje na kuharibu nguo nyingine. Ajabu ni kwamba imani hiyo ina mzizi wa kweli, ila mzizi wenyewe haumo katika beseni la nyumbani, bali katika mitambo ya viwandani ambako chumvi humiminwa kwa magunia. Na ni chumvi hiyo, kuliko wekundu au ubuluu unaoonekana kwenye mitaro, iliyofanya maji ya mto mmoja kusini mwa India yasifae kumwagilia shamba.

Tuanze na kazi ya chumvi yenyewe. Pamba ikiwa ndani ya maji, nyuzi zake hubeba chaji hasi ya umeme. Rangi zinazotumika sana kwa pamba siku hizi, ambazo hapa nitaziita rangi za kujifunga kwa kuwa hushikamana na uzi kwa kifungo cha kikemia, nazo hubeba chaji hasi, maana ndiyo inayoziwezesha kuyeyuka. Vitu viwili vyenye chaji ya namna moja husukumana, kwa hiyo rangi ikiachwa hivi hivi hubaki ikielea majini badala ya kuuingia uzi. Chumvi inapoongezwa, chembe zake za sodiamu zenye chaji chanya huuzunguka uzi na kupunguza msukumano huo, na rangi hupata nafasi ya kusogea na kupenya. Baadaye fundi huongeza magadi, yaani magadi yale yale yanayochimbwa katika Ziwa Magadi nchini Kenya, na maji yanapokuwa makali kwa magadi hayo ndipo kifungo kati ya rangi na pamba hukazwa. Ugunduzi huu ulifanywa mwaka 1954 na wanakemia wawili wa kampuni ya ICI ya Uingereza, Ian Rattee na William Stephen, na rangi za kwanza za aina hiyo ziliingia sokoni mwaka 1956.

Hapa ndipo ilipo kasoro. Magadi yanayoiamsha rangi ijifunge na pamba huiamsha pia ijifunge na maji, na molekuli ya rangi iliyokwisha kujifunga na maji haiwezi tena kujifunga na kitu kingine. Kwa rangi za kawaida za aina hii, sehemu inayopotea kwa njia hiyo huwa kati ya asilimia 20 na 40, na wakati mwingine huzidi. Baadhi ya rangi hiyo iliyokufa hubaki imenasa juu ya uzi bila kifungo, na kiwanda hulazimika kuisuuza mara nyingi kwa maji ya baridi, ya moto na ya sabuni. Kiwanda kinachobana matumizi ya maji hupunguza idadi ya misuuzo, na kazi iliyobaki humalizikia katika beseni la mnunuzi. Basi rangi inayochuja nyumbani kwa kawaida ni ile iliyokwisha kufa kabla nguo haijatoka kiwandani, wala chumvi haiwezi kuifufua. Chumvi ya nyumbani huweza tu kuizuia kwa muda isitoke, na itatoka siku nyingine.

Ni haki kueleza kwamba kanga na vitenge huchapwa, havizamishwi. Rangi ya kuchapa huwa uji mzito usiohitaji chumvi. Ikiwa ni ya kujifunga, uji huo hutiwa urea, ambayo hupeleka naitrojeni mtoni na kulisha mwani. Chumvi ni shida hasa ya vitambaa vinavyozamishwa: fulana, mashuka, taulo, nguo za ndani.

Lita moja ya maji ya kuzamishia kitambaa kwa kawaida hutiwa chumvi kati ya gramu 40 na 100, kutegemea ukolezi wa rangi inayotakiwa, na nyeusi ndiyo inayokula chumvi nyingi zaidi. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 kwa lita. Ina maana kwamba kitambaa hupikwa ndani ya maji yenye chumvi kuliko bahari. Mtambo unaotumia lita 10 za maji kwa kila kilo ya kitambaa, wenye gramu 60 za chumvi katika kila lita, hutumia gramu 600 za chumvi kwa kilo hiyo moja, na kiwanda kinachotia rangi tani tano kwa siku humaliza tani tatu za chumvi. Katika hizo tani tatu, hakuna inayobaki ndani ya nguo. Chumvi ni kama mshenga: akishawakutanisha wawili, kazi yake imekwisha, naye huondoka kama alivyoingia, na njia yake ya kuondokea ni mfereji.

Mji wa Tiruppur, katika jimbo la Tamil Nadu, ndio kitovu cha fulana za India. Katika miongo ya mwisho ya karne iliyopita biashara ya kuuza nje ilikua kwa kasi, na mamia ya karakana za kutia rangi zilijipanga kandokando ya mto Noyyal, ambao hutelemka kutoka milima ya Western Ghats na kuungana na mto Kaveri. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, chini ya mji huo, serikali ilijenga bwawa la Orathupalayam ili wakulima wapate maji ya umwagiliaji. Bwawa liligeuka kuwa tangi la maji taka. Wakulima waliokuwa wakiyasubiri maji hayo walikuta visima vyao vimekuwa vya chumvi na mashamba yao hayazai. Katika udongo wenye chumvi nyingi mmea huweza kusimama kwenye unyevu na bado ukafa kwa kiu, kwa sababu mizizi haina nguvu ya kuyanyonya maji kutoka kwenye chumvi. Na sodiamu huivunja chembechembe ya udongo, ukakauka na kuwa mgumu kama sakafu.

Si kwamba karakana hizo hazikuwa na mitambo ya kusafisha maji. Nyingi zilikuwa nayo, binafsi au ya pamoja. Lakini mitambo hiyo ilijengwa kwa ajili ya uchafu unaoonekana: chokaa na chumvi za chuma hugandisha rangi ikazama chini kama tope, bakteria hula wanga na mafuta, na maji hutoka yameng'aa. Chumvi iliyoyeyuka haigandi, hailiwi na bakteria wala haizami. Na chokaa na kemikali nyingine zinazotumika kugandishia rangi huongeza chumvichumvi juu ya zile zilizokuwamo. Sheria ilitaka maji yanayomwagwa yasizidi miligramu 2,100 za chumvichumvi zilizoyeyuka kwa lita, kiwango ambacho mtambo wa kugandisha rangi hauwezi kukifikia hata ukiendeshwa kwa uaminifu. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo linalostahili kukumbukwa zaidi katika kisa chote, kwa sababu wakaguzi wengi, na waandishi wa habari pia, bado huupima uchafu wa mto kwa macho.

Chama cha wakulima wa bonde la Noyyal kilikwenda mahakamani. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ya Madras, ambayo ni ya jimbo hilo, ilitoa amri kwamba maji machafu yasimwagwe tena mtoni, mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya India ikaunga mkono msimamo huo, na Januari 2011, baada ya amri kutotekelezwa, Mahakama Kuu iliamuru karakana zote za kutia rangi zifungwe. Zaidi ya karakana 700 zilizima mitambo. Wafanyakazi walirudi vijijini, wenye mali walilalama, na baadhi ya kazi ikahamia kimyakimya miji ya jirani, jambo ambalo halikuusaidia mto wowote. Waliotaka kufungua tena walilazimika kuonyesha kwamba hakuna hata tone linalotoka.

Utaratibu wa kutotoa hata tone moja, ambao sasa ndio desturi ya Tiruppur, huanza kwa bakteria kama zamani. Baada ya hapo maji husukumwa kwa shinikizo kubwa kupitia utando wenye vitundu vidogo mno, unaopitisha maji na kuzuia chumvi. Maji safi hurudi kwenye mtambo wa rangi, na yale yaliyobaki, yenye chumvi kali, huchemshwa katika matangi ya kuvukiza mpaka chumvi ibaki kavu, kisha nayo ikatumika upya. Kuchemsha huko hula nishati nyingi sana, na moshi wa tanuri hupanda badala ya maji kutelemka. Hubaki pia tope, na tope hilo hukusanya kila kitu kibaya kilichoingia kiwandani na ambacho hakikwenda na kitambaa.

Kwa sababu hiyo udhibiti umehamia kwenye mapipa ya kemikali kabla hayajafunguliwa. Baadhi ya rangi za azo, ambazo ni kundi kubwa la rangi za viwandani, kwa mfano, zikivunjika hutoa kemikali ziitwazo amini, kama benzidini, inayosababisha saratani ya kibofu. Uhusiano wa kazi ya rangi na uvimbe wa kibofu ulielezwa na daktari Ludwig Rehn huko Frankfurt tangu mwaka 1895, na bado Ujerumani ilizipiga marufuku rangi hizo katika nguo karne moja baadaye, mwaka 1994, kisha Umoja wa Ulaya ukafuata mwaka 2002.

Kisa cha sabuni ya viwandani kinafundisha vizuri zaidi. Sabuni zenye nonilifenoli, ambayo huiga homoni ya kike katika miili ya samaki, zilizuiwa katika viwanda vya nguo vya Ulaya kwa sheria ya mwaka 2003, lakini nguo zilizofuliwa kwa sabuni hizo huko Asia ziliendelea kuingia, na kila mzungu aliyefua fulana yake mpya aliimwaga kemikali hiyo katika mto wa kwao. Tangu Februari 2021 nguo za kufulika zinazouzwa katika Umoja wa Ulaya haziruhusiwi kuwa na sabuni hizo kufikia asilimia 0.01 ya uzito wake. Kipimo cha namna hii humlinda mvaaji, ila hakisemi lolote juu ya kilichoachwa nyuma katika mfereji wa kiwanda. Ndiyo maana kampuni sita, zikiwamo adidas, H&M, Nike na Puma, zilipobanwa na shirika la kutetea mazingira la Greenpeace mwaka 2011, zilianzisha mpango uitwao ZDHC, wenye orodha ya kemikali zisizotakiwa kuingia kiwandani kabisa, hata kama nguo itatoka safi.

Na chumvi je? Ipo njia ya kuikwepa, tena si mpya. Kitambaa hupitishwa haraka katika mchanganyiko mdogo na mzito wa rangi na magadi, hukamuliwa kwa roli, huviringishwa, hufunikwa kwa nailoni na kuachwa kikizunguka polepole kwa saa 12 hadi 24 bila moto. Kwa kuwa maji ni machache, rangi haina pa kukimbilia isipokuwa ndani ya uzi, na chumvi haihitajiki. Kasoro yake ni subira: kiwanda chenye oda ya haraka hakipendi kuangalia roli likizunguka usiku kucha, na rangi ikikosewa ni vigumu kuirekebisha katikati ya kazi.

Mwenye kanga mpya naye anaweza kuiacha chumvi jikoni. Ailoweke peke yake katika maji matupu, amwage, arudie mpaka maji yawe meupe. Hiyo ndiyo misuuzo aliyodaiwa na kiwanda.