Sekunde tano za ziada

Wiki hii nimetoa toleo jipya la maktaba yangu ya kukokotoa jua na mwezi (msimbo wa kutumiwa ndani ya programu nyingine), ile ambayo wenzangu wachache hapa Dar wameipachika kwenye programu zao za nyakati za swala. Mmoja akanipigia kutoka Kariakoo: "Kaka, mbona Magharibi haijasogea hata nukta?"

Haikutakiwa kusogea.

Sayari tunazikokotoa kwa saa isiyoyumba. Dunia nayo hujizungusha itakavyo, mara polepole, mara kasi kidogo. Tofauti ya saa hizo mbili huitwa delta-T, na bila kuijua huwezi kusema kivuli cha mwezi kitaangukia wapi jua likipatwa. Miaka yote nilitegemea fomyula ya Espenak na Meeus, wataalamu wa hesabu za kupatwa kwa jua, ambayo kwa mwaka 2024 inatoa karibu sekunde 74. Vipimo vikatoa 69 na kidogo. Fomyula ilitazamia dunia izidi kuchelewa, dunia ikachapuka. Sasa maktaba inasoma jedwali la IERS, taasisi ya kimataifa inayopima mzunguko huo, na fomyula nimeiachia miaka isiyo na vipimo.

Kwa sekunde tano mwezi husogea kati ya nyota kama sehemu moja ya mia saba ya upana wake, kwa hiyo wanaosubiri mwandamo walale salama. Kwenye kupatwa kwa jua ndipo penye kazi: huku karibu na ikweta, njia ya kivuli inahama kilomita 2 hivi. Kwa waliokuwa Rujewa, Mbeya, tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipogeuka pete, kosa la namna hiyo lingemgusa aliyesimama ukingoni mwa njia hiyo tu.

Badiliko linaloonekana kwa macho ni kimo, ambalo kusema kweli nililiongeza kwa kupitia tu. Ukiwa mita 30 juu ya bahari, upeo wa macho unashuka, na jua unaliona likichomoza sekunde 40 hivi kabla ya aliye ufukweni. Lakini Dar jua huchomoza baharini na kuzama bara, upande wa Pugu na Kibamba, kwenye vilima na mapaa. Hesabu ya upeo wa bahari haifai huko, kwa hiyo kwenye machweo nimeizima.

Kimo kiandikwe kwa mita kutoka usawa wa bahari. Yule wa Kariakoo nilipomuuliza, alikuwa ameandika 7. Ndiyo ghorofa anayokaa.