Bushmills ya miaka 10: pauni 30 zinanunua nini?

Machi ikikaribia, supamaketi za Uingereza hushusha bei ya wiski za Ireland kwa ajili ya sikukuu ya Mtakatifu Patrick, nami huulizwa swali lile lile: ipi ya bei nafuu iliyokaa kwenye pipa vya kutosha? Mimi ni mwonjaji wa vileo, na jibu langu kwa kawaida ni Bushmills ya miaka 10. Bei yake huchezea pauni 30 na kidogo. Ikishuka chini ya hapo, nunua.

Bei yenyewe inaeleza mengi. Ushuru wa pombe kali Uingereza ni zaidi ya pauni 30 kwa kila lita ya alkoholi halisi. Chupa ya sentilita 70 yenye kileo asilimia 40 ina lita 0.28 ya alkoholi, kwa hiyo karibu pauni 9 ni za serikali. Chupa ikiuzwa pauni 30, pauni 5 nyingine ni kodi ya ongezeko la thamani. Zinabaki kama pauni 16 za kugawana duka, msafirishaji, mtengeneza chupa na wale waliolilinda pipa muongo mzima. Ndiyo maana wiski za bei hii huongezwa maji mpaka asilimia 40 kamili, kiwango cha chini kabisa kinachokubalika kisheria. Kila asilimia inayozidi hapo ina ushuru wake.

Ile 10 ya kwenye lebo ni umri wa wiski changa kuliko zote zilizomo. Sheria ya Ireland inadai miaka 3 tu ndani ya mapipa ya mbao, tena kisiwani humo humo, na chapa nyingi za supamaketi zenyewe huishia karibu na hapo bila kutaja umri wala kiwanda. Kusubiri ni gharama. Pipa hupoteza karibu asilimia 2 kila mwaka kwa kuvukizwa, kwa hiyo pipa la lita 200 likifika mwaka wa kumi lina kama lita 163. Nafuu inapatikana kwenye mapipa: Marekani, burboni (wiski ya huko ya mahindi) lazima ikae kwenye mwaloni mpya uliochomwa ndani, na pipa likishatumika mara moja halifai tena kwa burboni. Waairishi huyachukua kwa bei nzuri. Bushmills hutumia zaidi mapipa hayo, pamoja na machache yaliyowahi kuwa na sheri, mvinyo mkali wa Kihispania, aina ya oloroso.

(Mwaka 1608 uliochapwa kwenye chupa usikubabaishe. Huo ni mwaka ambao Mfalme James wa Kwanza alimpa Sir Thomas Phillips leseni ya kutengeneza pombe kali katika eneo la Antrim, Ireland ya Kaskazini, kilipo kiwanda. Kampuni yenyewe ilisajiliwa mwaka 1784, na hata huo si uzee wa kubeza.)

Haya, tuonje. Tumia bilauri iliyobana mdomoni, mimina kidogo, iache itulie dakika kumi. Puani hutangulia asali na vanila, kisha tufaha la kijani na ndizi iliyoanza kuiva. Vanila ni ya mwaloni wa Marekani. Harufu za matunda zina asili ya mapema zaidi, tangu hamira ilipokuwa ikichachusha kimea cha shayiri. Subiri tena kidogo na sheri itajitokeza kwa mbali: zabibu kavu, lozi, chokoleti ya maziwa. Moshi hamna, kwa kuwa kimea hiki hakikaushwi kwa moto wa peati, yaani mboji kavu ya kinamasi.

Mdomoni ni laini kama uji uliochujwa, na hiyo ni sifa na kasoro kwa pamoja. Bushmills hukenekwa mara tatu, yaani huchemshwa na mvuke wake kupozwa tena na tena, na kila duru huacha nyuma sehemu ya mafuta mazito. Hivyo haikwaruzi koo, lakini pia haina nyama. Asali inaanza vizuri, inafuatwa na biskuti na ganda la chungwa, halafu pale katikati ninapotarajia ikaze, inalegea. Ladha inakatika mapema kwa ukavu kidogo wa mbao. Mimi naulaumu ule ukomo wa asilimia 40 kuliko mapipa.

Kwa hiyo usiiongezee maji ovyo. Matone mawili yanatosha kufungua matunda, kijiko kizima kinaizamisha. Barafu nayo hufunga harufu, na harufu ndiyo uliyoilipia.

Ikiwa jirani yake rafuni ni Teeling Small Batch kwa bei inayokaribiana, hapo kuna mjadala. Hiyo haitaji umri, lakini ni asilimia 46, haikuchujwa kwa baridi (yaani haikupozwa ili kuchuja mafuta yake), na ilimalizia safari yake kwenye mapipa ya ramu. Ina mwili zaidi na inavumilia maji. Anayependa utamu wa nguvu aichukue hiyo. Kwa mgeni wa wiski, au kwa glasi ya baada ya chakula na watu ambao hawataki kukunja uso, bado naweka Bushmills mbele, na chupa ikishapungua chini ya nusu ninaimaliza ndani ya miezi michache, kabla hewa haijayala yale matunda.