Je, wajua kwa nini bonde la Jangwani, jijini Dar es Salaam, hufurika hata siku ambayo mvua haikunyesha hapo?

Sehemu ya jibu iko vilimani, nyingine iko baharini. Mto Msimbazi hutoka vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, ukapita Tabata, Vingunguti, Kigogo na Jangwani kabla ya kuingia baharini kwenye Daraja la Selander. Ikinyesha Pugu usiku, mtu wa Jangwani huletewa maji ambayo hakuyasikia yakinyesha.

Zamani ardhi ya huko juu ilikuwa na miti iliyoyanywa maji hayo. Leo ni mabati, saruji na lami. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huhesabu milimita 50 kwa saa 24 kuwa mvua kubwa. Kiasi hicho kikianguka juu ya bati la mita za mraba 100, hushuka lita 5,000 za maji. Hebu zidisha kwa mapaa yote ya bondeni! Nao mto wenyewe umejaa mchanga na taka, kina kimepungua.

Bahari ndiyo wengi huisahau. Siku za bamvua, yaani bahari inapojaa kuliko kawaida, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji hujaa mnamo saa kumi alfajiri na tena saa kumi jioni. Mto ukifika Selander saa hizo haupati pa kumwaga, basi hutanda Jangwani. Kwa hiyo wakati wa masika na vuli, anayekaa bondeni asitazame wingu la kwake tu. Ampigie ndugu aliyeko Pugu, asikilize utabiri, na ajue mwezi uko wapi.

Desemba 2011 Dar es Salaam ilipata mvua ambayo haikuwahi kuonekana tangu 1954. Makumi ya watu walikufa, na familia nyingi zikahamishiwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji.

Nyumbani, anzeni na makubaliano: tukiondoka tunakwenda kwa nani, na nani anambeba bibi. Vyeti na vitambulisho vifungwe kwenye mfuko wa plastiki, na bora zaidi vikae kwa ndugu aliye mlimani. Tahadhari ikitolewa, chaji simu, na mhame kungali mchana. Gizani hakuna anayeona shimo wala mtaro. Zimeni umeme kwenye swichi kuu maji yakiwa bado nje. Yakishaingia ndani, msiiguse.

Msivuke maji yaendayo kasi. Sentimita 15 tu, hata magoti hayajafikiwa, zaweza kumwangusha mtu mzima, na sentimita 60 hubeba magari mengi.

Wako wanaotapisha vyoo mvua ikinyesha, na jambo hili linanikera sana, kwa sababu kinyesi hicho huishia kwenye kisima cha jirani na kuleta kipindupindu. Mafuriko yakipita, maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, na chakula kilichoguswa na maji hayo kitupwe, hata unga uliobaki gunia zima.