Sailensa ya gari-nyumba la zamani: joto kwanza, sauti baadaye

Wenye magari-nyumba ya zamani wanaoingia garaji yetu hapa Bukavu huuliza habari ya kelele. Mimi naanza kwa kulala chali chini ya sakafu, nitazame mbao zimeunguzwa wapi na bomba la moshi.

Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na hewa yetu ni nyepesi kwa takriban sehemu moja ya sita. Injini ya dizeli isiyo na tabo (feni ya kusukumia hewa ndani ya injini), mfano Mercedes-Benz 508 D ya lita 3.8, pampu yake humimina mafuta yaleyale iliyopangiwa tambarare. Hewa haitoshi kuyachoma, moshi unatoka mweusi, bomba linazidi kuwaka. Sasa lipandishe gari hilo mlima wa Ngomo ukitoka Kamanyola, gia ndogo, limebeba kitanda, jiko na tangi la maji: upepo wa kulipoza chini haupo kabisa. Kwa hiyo mpelekee kwanza fundi wa pampu apunguze mafuta. Hakuna sailensa itakayotibu hilo.

Joto la bomba hufika sakafuni hata kama havigusani. Dawa yake ni bati la alumini linalong'aa, likae sentimita mbili hivi mbali na sakafu, mbele na nyuma pawe wazi hewa ipite. Ukiligandamiza kwenye mbao, linazipasha tu. Lisafishwe pia, maana likishapakaa masizi na tope halirudishi joto tena. Kumbuka kwamba povu la polistireni lililo ndani ya sakafu hulegea karibu nyuzi 100, kabla hujanusa chochote.

Utepe wa kuzungushia bomba siupendi. Mvua yetu ni ya Septemba hadi Mei. Utepe unakunywa maji na bomba linaoza ndani yake. Kwenye manifoldi (matawi yanayopokea moshi pale injini) ya chuma cha kuyeyusha ndiyo usiuweke kamwe, itapasuka.

Sailensa yenyewe: chukua kubwa, ya vyumba vya ndani, mdomo wake usiwe mwembamba kuliko bomba. Ile ya pamba ya kioo hujaa masizi ya dizeli, tena haiwezi sauti nzito. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 2,400 kwa dakika hulipuka mara 80 kwa sekunde, na mvumo huo ndio unaotikisa kuta za gari-nyumba. Hunyamazishwa na nafasi, siyo pamba. Ifunge mbali na kitanda na tangi la mafuta.

Bomba la mita tatu likipata moto wa nyuzi 300 zaidi hurefuka zaidi ya milimita 10. Lining'inizwe kwa mpira. Wanaolichomelea moja kwa moja kwenye chesisi huvunja viungo, na kiungo kilichovunjika chini ya watu waliolala huvujisha monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Mkia wa bomba utokeze nje ya ukuta, mbali na madirisha. Kabla ya safari, washa injini ikiwa baridi, msaidizi azibe mkia kidogo kwa kitambaa, wewe upake maji ya sabuni kila kiungo. Panapotoa mapovu, fungua ubadilishe gasketi. Usipake gundi juu.