Kwa nini ukulele zangu si za mpingo

Kila anayepita kibarazani kwangu Tabata akanikuta naranda mbao za ukulele, kigitaa kidogo cha nyuzi nne, ananiuliza swali lilelile: "Fundi, mbona hutumii mpingo?" Siwalaumu. Mpingo ndio mti wetu wa sifa, ndio wa vinyago vya Mwenge, na huko Ulaya wanauchongea klarineti na obo, ala za kupuliza. Basi watu wanaona ala yoyote ikiwa ya mpingo imemaliza kazi.

Kwa ukulele sivyo. Klarineti inalia kwa hewa iliyomo ndani ya bomba. Ukulele inalia kwa ubao wake wa mbele kutetema, na nyuzi nne za nailoni hazina ubavu wa kutetemesha mti mzito ambao ukiutia kwenye ndoo ya maji unazama. Mbele naweka mkangazi. Mpingo unakwenda kwenye shingo, pale vidole vinaposugua kila siku, na kwenye daraja, kile kipande cha ubao wa mbele kinachoshikilia nyuzi.

Wapo pia wanaoamini mbao nene ndiyo imara. Hata mimi ukulele ya kwanza niliiachia milimita 4 kwa woga. Ukiigonga inajibu "ko", kama meza. Siku hizi naranda hadi milimita 2, kisha naingia na msasa polepole, nashika ukingo kwa vidole viwili na kugonga katikati, mpaka ile "ko" igeuke mlio unaokawia kidogo kuzimika. Nguvu inatoka kwenye fito nyembamba nilizogundisha kwa ndani.

Dhana iliyonitia hasara ni hii: mbao ikishakauka, imekauka. Muuza mbao atakuapia. Lakini mbao hunywa unyevu na kuutema maisha yake yote, na hewa ya Dar unaijua. Kuna ukulele niligundisha katikati ya masika, mbao ikiwa imeshiba maji. Mteja akaenda nayo Dodoma. Kule ikasinyaa, gundi haikuachia, ubao ukapasuka toka kwenye daraja hadi mwisho. Nilirudisha hela. Sasa vipande vyangu vinalala kwenye kabati lenye balbu ya moto, na kugundisha nangoja kipupwe, tena mchana jua likiwa kali.

Nafasi za freti, vile vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo, nazo wengi hudhani zinakadiriwa kwa jicho. Ni hesabu tupu: chukua urefu wa uzi, gawanya kwa 17.817. Uzi wa milimita 345 unakupa freti ya kwanza kwenye milimita 19.4, urefu uliobaki unaugawanya tena kwa namba ileile, hivyo hivyo hadi mwisho. Ya 12 lazima iangukie katikati kabisa, 172.5. Isipoangukia hapo, usishike msumeno.

Nyuzi za chuma? Zitang'oa daraja. Tuendelee.

Na wanaosema hii ni ala ya Wahawaii tangu enzi za mababu, mwaka 1879 meli Ravenscrag ilitia nanga Honolulu, Hawaii, ikiwa na Wareno kutoka kisiwa cha Madeira, pamoja na vigitaa vya kwao. Humo walikuwamo Manuel Nunes, Augusto Dias na José do Espírito Santo, ambao ndio wanaohesabiwa watengenezaji wa kwanza wa ukulele. Wote watatu maseremala wa samani, kama hawa wa Keko wanaoniambia hii si kazi ya fundi makabati.